Maziwa ya Masisi yasibebeshwe kosa la chumvi

Goma, Kivu Kaskazini. Kila asubuhi barabara inapokuwa wazi, pikipiki kutoka upande wa Sake zinaingia mjini na bidoni za manjano zikiwa zimefungwa kwa kamba za mpira pande zote mbili za kiti. Ndani mna maziwa ya Masisi. Mengine yanaishia kwenye milango ya watu wa Ndosho na Mugunga, kikombe kwa kikombe, kwa familia za wenyeji na kwa familia zilizokimbia vita ambazo hazijapata njia ya kurudi kwao.

Katika nyumba moja ya mbao huko Ndosho, mzee mmoja aliyekuwa na ng'ombe wake mwenyewe kabla ya vita alikuwa akipata nusu lita mara tatu kwa juma. Anayemletea ni mkwe wake, mwendesha pikipiki. Mwaka huu mzee aliyarudisha. Alimwambia kijana: "Mkwe wangu, yapeleke kwa watoto wa jirani. Mimi niko na tansio, maziwa yenye siagi yananifunga mishipa." Alikuwa amesikia hivyo kwenye foleni ya maji, akasikia tena kanisani, na mara ya tatu kwa mwanamke anayeuza majani ya dawa. Mtu akiambiwa jambo moja na watu watatu, analiamini.

Siku hiyohiyo jioni, kwenye sahani ya mzee kulikuwa bugali, sombe iliyopikwa kwa mafuta ya ngazi, na kipande cha makayabo. Ndani ya sombe kulikuwa kube mbili za supu. Karibu na sahani kulikuwa kikopo kidogo cha chumvi, kwa maana mzee anasema tangu alipofika mjini chakula hakina ladha.

Na dawa zake za tansio? Zilimalizika zamani. Hakurudi kuchukua zingine kwa sababu kichwa kilikuwa hakimuume tena.

Hiyo ndiyo hali inayopaswa kusemwa wazi kwenye redio, kwenye vituo vya afya na kwenye makanisa: watu wa tansio wanaacha maziwa na kubakia na chumvi. Wanaacha kitu ambacho uchunguzi mwingi haujakiona kuwa kinapandisha tansio, na wanashika kitu ambacho kila muganga anajua kwamba kinaipandisha. Anayeumia zaidi ni mkimbizi, kwa kuwa yeye hana vyakula vingi vya kuchagulia. Ukimwondolea maziwa, hakuna samaki mbichi wala matunda yanayokuja kujaza nafasi ile.

Kwanza kuna kuchanganya mambo mawili. Tansio, yaani shinikizo la damu, ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Kufungana kwa mishipa ni jambo jingine: mafuta yanayotembea katika damu, hasa kolesteroli ya aina wanayoiita LDL, yanaingia polepole ndani ya ukuta wa mshipa, yanakaa humo miaka mingi, mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba. Mambo haya mawili ni ndugu. Tansio ikikaa juu muda mrefu inachubua ngozi laini ya ndani ya mshipa, na mshipa uliochubuka unapokea mafuta haraka. Lakini si jambo moja, na chakula kinaweza kugusa moja bila kugusa lingine.

Ngozi hiyo ya ndani ya mshipa ni safu moja tu ya chembe, nyembamba sana, na ina kazi kubwa. Ndiyo inayotoa hewa ndogo inayoitwa nitriki oksidi, na hewa hiyo inauambia mshipa ujilegeze damu ipite vizuri. Mshipa wenye afya unatanuka na kurudi kama mpira wa kufungia mizigo ungali mpya. Chumvi nyingi inapunguza hewa hiyo. Tena chumvi inavuta maji na kuyabakiza mwilini, damu inaongezeka ndani ya mishipa ileile, na shinikizo linapanda. Mafuta ya maziwa hayafanyi kazi hiyo. Hayavuti maji. Hata mtu akinywa maziwa yenye siagi yake yote, hakuna kitu ndani ya siagi ile kinachofanya alichofanya yule makayabo wa jioni.

Basi neno hili la kwamba maziwa mazima ni adui wa tansio limetoka wapi? Limetoka kwenye ushauri wa kweli uliotolewa kwa watu wengine. Huko Ulaya na Marekani, tangu miaka ya katikati ya karne iliyopita, watu wengi walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo, na waganga waliona kwamba mafuta magumu, yale yanayoganda kwenye baridi kama siagi na mafuta ya nyama, yanapandisha kolesteroli. Wakashauri maziwa yaliyotolewa siagi. Kwa mtu anayepaka siagi kwenye mkate asubuhi, anayekula fromaji mchana, nyama jioni na krimu juu ya matunda, ushauri ule una maana. Ushauri huohuo ukafika Kivu kwenye vitabu vya mafunzo, ukapita midomo mingi, na njiani ukapoteza hesabu zake. Likabaki neno moja: maziwa ni mabaya.

Hesabu zirudishwe. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta magumu yasipite sehemu moja kwa kumi ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2000, hiyo ni karibu gramu 22. Glasi moja ya maziwa mazima ya ng'ombe, mililita 250, ina mafuta karibu gramu 8, na kati ya hizo gramu 5 hivi ndizo za mafuta magumu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya ngazi kina karibu gramu 7 za mafuta magumu. Mzee wa Ndosho aliogopa glasi, lakini hakuna aliyemwambia kitu juu ya sufuria ya sombe, ambamo vijiko vinne ao vitano vinamiminwa bila mtu kuhesabu. Mafuta ya ngazi yana vitamini A kwa wingi na hakuna haja ya kuyatukana. Ila kama mtu ameanza kuhesabu mafuta, aanzie pale yalipo mengi.

Juu ya tansio yenyewe, uchunguzi unaojulikana zaidi ulifanywa Marekani na kutangazwa mwaka 1997. Unaitwa DASH. Watu 459 waligawanywa katika makundi na kupikiwa chakula chao chote kwa majuma nane. Waliopewa matunda, mboga na maziwa yaliyopunguzwa siagi walishuka tansio, na wale waliokuwa na tansio ya juu tayari walishuka sana: karibu alama 11 kwenye namba ya juu na alama 5 kwenye namba ya chini, wakilinganishwa na waliokula chakula cha kawaida cha Wamarekani. Kwa chakula peke yake, bila dawa, hilo ni jambo kubwa. Kutoka hapo watu walifikiri kwamba siri iko katika kutoa siagi.

Lakini mwaka 2016 wachunguzi wa California walirudia jambo hilo kwa namna nyingine. Walichukua chakula kilekile cha DASH, wakabadilisha maziwa: badala ya yale yaliyotolewa siagi wakaweka maziwa na fromaji zenye siagi yake, na wakapunguza sukari kidogo, hasa ya juisi. Waliomaliza uchunguzi walikuwa watu 36 tu, kundi dogo, na hilo lisifichwe. Tansio ilishuka sawasawa katika vyakula vyote viwili. Siagi ya maziwa haikuizuia kushuka, na kolesteroli mbaya haikupanda juu ya ile ya chakula cha kawaida.

Uchunguzi mwingine mkubwa zaidi, unaoitwa PURE, ulitangazwa mwaka 2018 baada ya kufuata watu 136,384 katika nchi 21, zikiwemo Tanzania, Zimbabwe na Afrika Kusini. Watu waliokuwa wakipata maziwa, mtindi ao fromaji zaidi ya mara mbili kwa siku walikufa kidogo na kupata kiharusi kidogo kuliko wale wasiokula kabisa. Hapa msikilizaji awe macho. Uchunguzi wa namna hii unaangalia watu wanavyoishi, haubadilishi chakula chao. Inawezekana mwenye maziwa nyumbani ana pia ng'ombe, shamba na pesa za muganga, na vyote hivyo vinamlinda. Hauthibitishi kwamba maziwa ni dawa. Lakini kama maziwa yenye siagi yangekuwa sumu ya mishipa kama inavyosemwa kwenye foleni ya maji, watu zaidi ya laki moja wangeonyesha alama yake.

Kwa nini mafuta ya maziwa hayafanyi ubaya uliotegemewa? Sehemu ya jibu iko ndani ya tone lenyewe. Mafuta ya maziwa hayaelei hovyo, yamefungwa katika vitone vidogo sana, na kila kitone kina ngozi yake. Huko Sweden, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, watu 57 wenye uzito mkubwa waligawanywa katika makundi mawili na kupewa mafuta ya maziwa ya kipimo kimoja, gramu 40 kwa siku, kwa majuma nane. Kundi moja liliyapata kama krimu, ngozi zile zikiwa bado nzima. Kundi lingine liliyapata kama mafuta ya siagi, ngozi zikiwa zimekwisha kuondolewa. Kolesteroli mbaya ilipanda kwa waliokula mafuta ya siagi. Kwa waliokula krimu haikupanda.

Mama yeyote wa Masisi aliyewahi kusukasuka maziwa katika kibuyu anajua kwamba kazi ile ni ya kupasua kitu, mpaka siagi ijikusanye. Anachopasua ni ngozi zile. Kwa hiyo maziwa, mtindi na maziwa ya kuganda yasiwekwe kapu moja na siagi na samli. Mtu mwenye kolesteroli ya juu anayekaangia kila chakula kwa samli ana sababu ya kupunguza. Mtu anayekunywa kikombe cha mashanza, kama wanavyoyaita watu wa Bukavu, hana sababu hiyohiyo.

Mashanza yana faida nyingine ambayo wengi hawaitaji. Watu wazima wengi wa Afrika wanaumwa tumbo wakinywa maziwa matamu, kwa kuwa matumbo yao hayawezi tena kuvunja sukari ya maziwa. Maziwa yaliyoganda, vijidudu vyema vimekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Mzee ambaye maziwa yanamharisha ajaribu yaliyoganda kabla ya kusema kwamba maziwa yanamkataa. Ila yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe. Maziwa mabichi ya bidoni yanaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao kwa watu unaleta homa isiyoisha na maumivu ya viungo, na hata kifua kikuu. Hofu ya maziwa kama iko, ingewekwa hapo, kwenye maziwa yasiyochemshwa. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo anayeogopa siagi anakunywa maziwa mabichi mlangoni akisema ni ya asili.

Fromaji nayo inahitaji maneno yake, maana ni sifa ya Masisi. Ufundi wake uliletwa na Wabelgiji, na leo vijana waliozaliwa kwenye vilima vile wanaijua kazi hiyo kuliko walioileta. Inatengenezwa kwa namna ya fromaji ya Gouda, katika duara za manjano zilizokuwa zikifika hadi Kinshasa. Sasa fromaji ya namna ya Gouda inalowekwa katika maji ya chumvi, na gramu 100 zake zinaweza kubeba karibu gramu 2 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Kipande kizuri cha fromaji kimekwisha kula karibu nusu ya kipimo.

Kuna wachunguzi wa chuo kimoja cha Pennsylvania, Marekani, waliowapa watu wenye afya chumvi ya kipimo kimoja kwa njia mbalimbali: ndani ya fromaji ya maziwa, ndani ya biskuti za chumvi, na ndani ya fromaji ya soya. Wakapima mishipa midogo ya ngozi. Chumvi iliyokuja na fromaji ya maziwa iliibana mishipa kidogo kuliko ile nyingine. Ni habari nzuri kwa Masisi, lakini isitumiwe kwa ujanja. Walikuwa watu wachache, wenye afya, na uliopimwa ni mlo mmoja. Mwenye tansio ya 170 asisikie habari hii akakata duara zima. Akate kipande chembamba, na siku hiyo asiweke kube kwenye supu.

Na kube ndizo adui asiyetajwa. Nusu ya uzito wa kube, ao zaidi, ni chumvi. Kwenye soko la Virunga na kwenye vibanda vyote vya mitaa zinauzwa moja moja, kwa bei ambayo hata mtoto anaimudu, na kwa mama aliyekimbia na sufuria moja ndizo zinazofanya maharagi yasiyo na kitunguu yalike. Hakuna haki ya kumlaumu. Makayabo ndiye mkali zaidi: kabla hajalowekwa, samaki wa chumvi aliyekauka anaweza kuwa na karibu gramu 18 za chumvi katika kila gramu 100. Akina mama wanaojua wanamloweka usiku kucha na kubadilisha maji mara mbili ao tatu. Lakini kulowesha kunataka maji, na maji ya Goma mkimbizi anayanunua kwa bidoni ao anayapangia foleni tangu alfajiri. Hapo ndipo ushauri wa afya unapogonga mwamba, na ndiyo sababu ushauri mmoja wa kweli unapita ushauri kumi wa kutisha. Mtu mwenye maji kidogo na pesa kidogo aambiwe mahali pa kuzitumia. Aambiwe amloweshe makayabo, ao anunue sambaza wasiotiwa chumvi. Asiambiwe aache maziwa.

Kuna jambo jingine la kuchukiza kidogo. Watu wanaoacha maziwa ya bidoni kwa kuogopa siagi, wenye uwezo kidogo wananunua maziwa ya unga, kwa kuamini kwamba ya dukani ni mepesi. Wageuze mfuko na kusoma maandishi madogo ya Kifaransa. Baadhi ya mifuko hiyo si maziwa mazima: ni maziwa yaliyotolewa siagi, kisha yakaongezwa mafuta ya mimea, mara nyingi ya ngazi. Siagi ya ng'ombe iliuzwa mahali pengine kwa bei nzuri, na mafuta ya bei ndogo yakachukua nafasi yake. Mtu amekimbia mafuta ya ng'ombe wa Masisi, akayalipia mafuta ya mti.

Wanaotetea maziwa nao wasizidishe. Mtu aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo, ao aliyepimwa na kukutwa na kolesteroli ya juu sana, muganga wake anaweza kumwambia apunguze mafuta yote magumu, pamoja na ya maziwa, na amsikie. Mwenye ugonjwa wa figo asiamue peke yake, kwa sababu maziwa yana fosforasi na potasiamu ambazo figo zilizochoka hazizitoi vizuri. Mwenye uzito mkubwa anayekunywa lita moja kila siku pamoja na sukari, maziwa yanamwongezea nguvu asiyoihitaji. Na hakuna maziwa, mazima ao yaliyotolewa siagi, yanayoshika nafasi ya kidonge cha tansio. Anayeuza majani ya dawa akisema kinyume, aulizwe kama ana mashini ya kupimia.

Kidonge ndicho kiini cha mambo haya yote, na ndicho kinachosahaulika haraka wakati watu wanagombana juu ya siagi. Tansio haiumi. Mtu anaweza kuwa na 180 na kubeba mizigo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye tansio duniani hawajui kwamba wanayo. Anayejua, akameza dawa miezi miwili, akajisikia vizuri, anaacha. Na katika Kivu kuna sababu ya tatu ambayo haiko kwenye vitabu: vita. Mtu anakimbia usiku kutoka Kitshanga ao Sake, anabeba mtoto na godoro. Karatasi ya kliniki na kifuko cha vidonge vinabaki. Kambi zilizozunguka Goma zilipobomolewa mwanzoni mwa mwaka 2025, watu walitawanyika tena, na waliokuwa wamezoea muganga mmoja wa kambi hawakujua wamtafute nani. Msaada unapokuja, na unastahili shukrani, mara nyingi unaanza na malaria, kipindupindu, surua na utapiamlo wa watoto. Mzee mwenye tansio anaambiwa arudi juma lijalo.

Kwa hiyo anabaki na kile anachoweza kukitawala mwenyewe, sahani yake. Anaacha kitu, ili ahisi amefanya kitu. Na anaacha maziwa kwa kuwa ndiyo aliyoambiwa, na kwa kuwa maziwa ni rahisi kuyaacha pale unapokuwa umekwisha kupoteza ng'ombe. Hilo halisemwi, lakini wafugaji wengi wa Masisi walioishi mjini miaka hii wanalijua: kuona maziwa ya kununua kwenye kikombe cha plastiki kunamkumbusha mtu zizi lililoporwa.

Mzee wa Ndosho alipelekwa kituo cha afya na binti yake, baada ya kuanguka karibu na choo asubuhi moja. Hakuwa amepata kiharusi. Tansio ilikuwa 178 kwa 104. Muuguzi, msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, alimuuliza kwa heshima: "Mzee, dawa uliziacha lini?"

Mzee alimjibu kwamba dawa hana habari nazo, lakini maziwa ameacha kabisa, hata kikombe.

"Na makayabo?"

Mzee akacheka. Binti yake ndiye aliyejibu, akataja na kube, na kikopo cha chumvi kinachokaa karibu na sahani. Muuguzi aliandika kwenye karatasi amlodipini, kidonge kimoja kila siku, hata siku ya kujisikia mzima. Chini yake akaandika neno chumvi na kulipigia mistari miwili. Juu ya maziwa hakuandika kitu, na mzee alipouliza mara ya pili alimwambia ayachemshe tu.

Jioni ile mkwe alitumwa habari kwamba baba mkwe anataka nusu lita yake irudi kama zamani. Alijibu kwa simu kwamba pikipiki hazijapita Sake tangu jana.